Kano Ikishashonwa, Mtu Abebe Nini na Lini?

Mjini Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, swali hili lina waulizaji wa aina mbili. Kijana wa jimu anataka kujua atarudi lini kwenye chuma. Mbebaji wa mizigo kwenye maghala na malori ya mpakani anataka kujua atarudi lini kazini. Wote wawili wamepasuliwa, kano imeshonwa, na wote wawili wanarudi nyumbani na majibu yanayogongana. Karatasi ya hospitali inasema asifanye kazi nzito kwa wiki 12. Jirani anasema asinyanyue kitu tena maisha yake yote. Wenzake wa kazini wanasema ukiulea sana mkono utakufa. Mchuaji naye anasema aje na mafuta ya nazi, siku tatu atakuwa mzima.

Ajabu ni kwamba karibu kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, isipokuwa mchuaji, ambaye kwenye kano iliyoshonwa juzi anaweza kuleta hasara kubwa. Kwa hiyo kujua nani mkweli hakutoshi. Inabidi kujua kila mmoja anazungumzia kano gani, mzigo gani na wiki ya ngapi.

Neno "mshipa" na vurugu zake

Mzizi wa kwanza wa mkanganyiko uko kwenye ulimi wetu wenyewe. Mtaani mtu husema "nimepasuliwa mshipa". Mshipa unaweza kuwa wa damu au wa fahamu. Unaweza kuwa ngiri. Unaweza pia kuwa kano, yaani ule utepe mweupe mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa. Wabebaji mizigo hupata ngiri, na hupata pia kuchanika kwa kano, na habari za magonjwa haya mawili husimuliwa kwa neno moja. Anayesimulia kwamba fulani alipasuliwa mshipa na baada ya miezi miwili alikuwa juu ya lori, huenda anamsema mtu aliyeshonwa ukuta wa tumbo. Mwenye kano ya bega akifuata mfano huo, amefuata dawa ya mwingine.

Hata neno kano lenyewe halijatulia. Katika maandishi mengi linabeba vitu viwili: kinachofunga msuli kwenye mfupa, na kinachofunga mfupa kwa mfupa, kama vile vya ndani ya goti vinavyowasumbua wachezaji wa mpira. Hapa tunazungumzia cha kwanza. Zinazohusika zaidi na watu wa mizigo ni kano za bega, kano ya kiwiko inayoshika msuli wa mbele wa mkono, kano ya kifua, kano za goti, kano ya kisigino na zile nyembamba za vidole, ambazo hukatwa zaidi na panga, bati au kioo kuliko kukatika zenyewe.

Kwa nini kano haiponi kama nyama

Msuli una damu nyingi, kano ina damu kidogo. Hilo moja linaeleza mengi. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia alama ya kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 kupima umri wa kano ya kisigino. Waligundua kwamba kiini chake hujengwa mpaka mtu anapofikia takribani miaka 17, na baada ya hapo hakibadilishwi kwa kiasi cha maana. Mtu wa miaka 40 anatembelea kano aliyojengewa utotoni. Ikikatika, mwili haumrudishii ile ya zamani, unamtengenezea kovu.

Kovu hilo lina hatua zake. Wiki ya kwanza ni uvimbe. Kuanzia hapo mpaka karibu wiki ya sita linajengwa kwa nyuzi laini zilizokaa ovyo, na nguvu kubwa ya kushikilia bado iko kwenye uzi wa daktari. Baadaye, kwa miezi mingi na mara nyingine zaidi ya mwaka, nyuzi hizo hupangwa upya kufuata upande zinakovutwa. Ugomvi wote unazaliwa hapo. Kovu likivutwa kwa nguvu mapema, linakatika, au linarefuka na kumwachia mtu mguu usio na msukumo. Lisipovutwa kabisa, linabaki dhaifu na kugandana na nyama za jirani.

Kuna mtego mwingine. Msuli hujibu mazoezi ndani ya wiki chache, kano huchukua miezi. Karibu na mwezi wa tatu mtu huanza kujisikia mzima: hakuna maumivu, msuli umejaa, jasho linatoka vizuri. Anachokisikia ni msuli. Kano iliyo chini yake bado iko nyuma, na haina sauti.

Chuma kina namba, gunia lina kisirani

Kati ya chuma cha jimu na gunia la ghalani kuna tofauti ambayo karatasi ya hospitali haiioni. Fimbo ndefu ya kawaida ya chuma ina kilo 20, na sahani zake hupungua mpaka kilo moja na robo. Hata zile jimu za uani, ambako makopo ya rangi hujazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, uzito haubadiliki leo na kesho. Mtu hupanda ngazi moja, akiona mambo si shwari hushuka.

Gunia halina ngazi. Mfuko wa saruji ni kilo 50, wa mbolea kilo 50, gunia la kahawa ya Mbozi kilo 60. Mahindi sheria inataka yasizidi kilo 100 kwa gunia, lakini lumbesa, lile gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kichwa juu, inavuka hapo bila aibu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipendekeza mzigo unaobebwa na mwanamume mzima peke yake usizidi kilo 55. Maana yake hata gunia halali la mahindi linakaribia mara mbili ya pendekezo hilo. Wakala wa Vipimo anapopambana na lumbesa anamlinda mkulima asipunjwe, na anafanya vyema. Bega la mbebaji halimo kwenye hesabu hiyo.

Tazama pia namna mzigo unavyokaa. Wawili wanamtwisha mmoja, gunia linatua kati ya shingo na bega, naye anapanda ubao kuelekea kwenye bodi ya lori. Katikati ya ubao gunia linateleza. Mkono uliokunjwa unalidaka, uzito unaunyoosha kwa nguvu huku msuli ukikataa, na kitu kinalia ndani ya kiwiko. Kano ya mbele ya kiwiko hukatika hasa kwa namna hiyo: msuli umekaza na wakati huohuo unarefushwa. Kwa sababu hiyo kushusha kunaweza kuwa kubaya kuliko kupandisha. Wa jimu anaweza kuachia chuma kianguke sakafuni. Wa ghalani akiachia gunia likapasuka, analilipa.

Hoja ya kwanza: akae, apumzike

Wenye msimamo huu wana nguvu kubwa katika wiki sita za kwanza. Uzi ndio unaoshika, na hakuna ushujaa unaoharakisha kovu. Aliyeshonwa kano ya kiwiko kwa kawaida haruhusiwi kunyanyua zaidi ya kikombe cha chai katika kipindi hicho. Wa bega huvaa kitambaa cha kuning'iniza mkono kwa wiki nne mpaka sita. Wa goti hutembea mguu ukiwa umenyooshwa ndani ya kishikizo. Msimamo huu hauna gharama kubwa ya vifaa, na kila mtu anauelewa.

Mashabiki wa soka wanao mfano wao. Novemba 1999 Ronaldo wa Brazil, akiwa Inter Milan, aliumia kano ya goti akapasuliwa. Alirudi uwanjani tarehe 12 Aprili 2000 katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Dakika chache tu baada ya kuingia, akipiga chenga bila kuguswa na mtu, kano ilikatika kabisa. Alikuwa na madaktari na walimu wa mazoezi ambao mbebaji wa Tunduma hatawapata, na ilikuwa karibu mwezi wa tano. Safari ya pili ilichukua zaidi ya mwaka. Mwaka 2002 akafunga mabao 8 na Brazil ikatwaa Kombe la Dunia.

Mfano huo una pande mbili, na wanaoutumia kutisha husahau wa pili: alirudi. Udhaifu wa hoja ya mapumziko unaanzia hapo. Pumziko likivuka muda wake, kiungo kinakakamaa, kigimbi kinanywea, na kano za vidole zinagandana kiasi kwamba ngumi haifungiki. Upasuaji wa mikono ulijifunza hilo kwa machungu, ndiyo maana tangu miaka ya 1960 wataalamu wamezidi kuanza kusogeza vidole vilivyoshonwa mapema, ndani ya vishikizo maalumu. Halafu kuna tabia ya binadamu. Mtu aliyeambiwa "usinyanyue kabisa" bila kuambiwa nini kinafuata, siku njaa ikibisha hodi atanyanyua kwa siri, na ataanza na gunia zima.

Hoja ya pili: kazi ndiyo dawa

Upande huu nao una ushahidi. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Norway uliolinganisha watu zaidi ya 500 waliokatika kano ya kisigino, wengine wakipasuliwa, wengine wakifungwa tu bila kisu. Baada ya miezi 12 hali zao kwa jumla hazikupishana. Tofauti ilikuwa kwenye kukatika tena: asilimia 6.2 kwa wasiopasuliwa, asilimia 0.6 kwa waliopasuliwa. Na waliopasuliwa walipata zaidi majeraha ya mishipa ya fahamu. Ninavyousoma mimi, kushona kunaipunguzia kano hatari ya kuachia tena, lakini nguvu na utendaji havitoki kwenye uzi. Vinatengenezwa baadaye, kwa mazoezi.

Kwa hiyo wanaosema mkono usilelewe sana hawajakosea. Wanakosea wanapochanganya kusogeza na kubeba. Kukunja na kukunjua kiwiko bila mzigo wiki ya tatu, kwa maelekezo, ni tiba. Kupakia saruji wiki ya tisa kwa sababu "hakuumi tena" ni kamari.

Kutouma kwenyewe hununuliwa dukani. Sindano au vidonge vya kutuliza maumivu humfanya mtu asisikie onyo. Dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni na predinisoloni, zikitumiwa ovyo hudhoofisha kano yenyewe. Siprofloksasini, ambayo wengi huimeza kwa homa ya tumbo au njia ya mkojo bila kupimwa, mwaka 2008 iliwekewa Marekani onyo la juu kabisa kwenye pakiti yake, kwa sababu yeye na ndugu zake wanaongeza hatari ya kano kuvimba na kukatika. Hatari hiyo huzidi kwa wenye miaka zaidi ya 60 na kwa wanaotumia steroidi. Mtu aliyeshonwa kano akienda dukani kwa tumbo, amwambie muuzaji habari ya kano yake. Sigara nayo imo: wavutaji wanaonekana kukatika kano ya kiwiko mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta.

Hoja ya tatu: vigezo badala ya kalenda

Wataalamu wa utengamao leo wanaelekea huku. Hawapuuzi kalenda, kwa kuwa kovu lina muda wake, lakini wanaitumia kama mlango wa kwanza tu. Kwa kawaida kano ya kiwiko hurudi kwenye kunyanyua kusiko na mipaka kati ya mwezi wa nne na wa sita. Ya kisigino huchukua miezi sita mpaka kumi na miwili. Ya bega huanza kujengwa nguvu karibu na wiki ya 12, na mzigo mzito husubiri mwezi wa sita au zaidi, hasa ikiwa ilichanika vibaya. Vidole hushika kwa nguvu baada ya karibu wiki 12. Wiki 12 za kwenye ile karatasi, kwa hiyo, kwa wengi ni tarehe ya kuanza kujijenga. Wao huzisoma kama tarehe ya kumaliza.

Mlango wa pili ni kipimo cha mwili wenyewe. Je, kiungo kinafika mwisho wa mzunguko wake kama cha pili? Je, aliyeshonwa kisigino anaweza kusimama kwa mguu huo mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta tu, na kuinua kisigino mara kwa mara bila mwili kuinama? Wengi hushangaa kuona mguu mzima unapanda mara 25 na ule mwingine unatetemeka mara ya nne, ingawa barabarani wanatembea vizuri. Nguvu ikifika angalau asilimia 90 ya upande mzima, mzigo mkubwa unaweza kuzungumzwa. Mlango wa tatu ni asubuhi ya kesho yake: mkazo kidogo unaotulia kabla hakujakucha unavumilika; uvimbe au maumivu yaliyoamka na mtu yanamwambia arudi ngazi moja.

Udhaifu wa hoja hii si wa kisayansi, ni wa nauli. Vigezo vinataka mtu wa kupima. Kutoka Tunduma mgonjwa huelekea hospitali ya mkoa kule Vwawa, au anasafiri takribani kilomita 100 mpaka hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko zaidi ya kilomita 900. Siku moja ya mazoezi tiba inaweza kula siku nzima ya kipato, na inahitaji kurudiwa kwa miezi. Pia vigezo vyenyewe vilitungwa kwa wanamichezo. Hakuna mwanamichezo anayepanda ubao uliolowa mara 200 kwa siku akiwa na kilo 100 begani.

Siku 126 na siku sifuri

Tofauti kubwa kuliko zote haimo kwenye kano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Siku 126 ni wiki 18. Karani wa benki anayenyanyua chuma jioni na kuchanika kano ya kifua kwenye benchi anaweza kukaa nyumbani na ED yake, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, kovu likiendelea kukomaa. Aliyeumia kazini akiwa na mwajiri ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015.

Mbebaji anayelipwa kwa gunia hana mwajiri wa kuandikwa. Lori la leo si la kesho. Siku zake za ugonjwa ni sifuri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inaweza kumsaidia kwenye kisu na dawa, lakini hakuna bima ya unga wa wiki ya kumi. Msimu nao haumsubiri. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa katikati ya mwaka, na baridi ya Juni na Julai ndiyo hiyohiyo ya foleni za kupakia. Aliyeshonwa bega mwezi Machi anafika msimu akiwa na miezi minne. Ukimwambia asubiri Septemba, umemwambia akose mwaka.

Kwa hiyo anayerudi mapema si mjinga kila wakati. Amepiga hesabu, ila ameweka upande mmoja tu wa mizani. Upande wa pili ni kwamba kano iliyokatika mara ya pili ni ngumu kushonwa, ncha zake zimedhoofika na kurudi nyuma, na wakati mwingine inabidi kuazima kano nyingine mwilini. Anayepoteza msimu mmoja akiogopa kupoteza miwili ana hesabu nzuri zaidi, kama tu ana cha kula katikati.

Njia ya dumu

Nikizipima hoja zote tatu, ya tatu ndiyo yenye akili, lakini lazima ishuke kutoka kwenye mashine za hospitali mpaka uani kwa mtu. Na kifaa kipo: dumu la maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 likiwekwa lita mbili ni kilo mbili na ushee, likiwekwa tano ni tano na ushee, na linapanda lita kwa lita bila kununua sahani hata moja. Ukiondoa umbo lake, ni chuma chenye namba. Mbebaji aliyeruhusiwa na daktari kuanza kujenga nguvu anaweza kuanza hapo, akinyanyua kwa polepole na kushusha kwa polepole zaidi, mpaka mkono wake ubebe lita 20 kama ule mwingine. Baada ya dumu uje mfuko wa mchanga, wenye kuyumba kidogo kama gunia. Jimu ya uani, kwa maana hii, inapaswa kuwa kituo cha njiani kuelekea ghalani, na mbebaji asiione kama starehe ya vijana wa kujitunisha vifua.

Hospitali nazo zingesaidia kwa kufuta maneno "kazi nzito" kwenye karatasi na kuandika kilo. Kwa mtu aliyezoea lumbesa, mfuko wa saruji ni kazi nyepesi kwa haki kabisa. Mstari mmoja wa "asizidi kilo 5 mpaka tarehe fulani, kilo 15 mpaka tarehe fulani, kisha aje apimwe" unamaliza ubishi wa nyumba nzima.

Zipo pia kazi za ghalani zisizogusa kano iliyoumia. Aliyeshonwa kisigino anaweza kukaa akashona magunia wiki ambazo mguu haujaruhusiwa. Aliyeshonwa kiwiko anaweza kuhesabu mzigo unaoingia. Vikundi vya wabebaji vinavyogawana malipo mwisho wa siku vinaweza kumpa mwenzao sehemu ndogo kwa kazi hizo, na kesho kumpa mwingine yakimkuta. Ni mpango mdogo, lakini huo ndio unaomnunulia mtu wiki anazozihitaji.

Gunia la kwanza la kweli liwe la mbolea, kilo 50, na watwishaji wawili wanaojua bega lipi limeshonwa. Kutoka hapo mpaka lumbesa hakuna ngazi, kuna kuruka. Kwa baadhi, hasa wenye bega lililochanika sana au waliokwisha kukatika mara mbili, gunia la namna hiyo halirudiwi tena hata ufike mwezi wa kumi na nane, na anayestahili kuwaambia hivyo ni daktari, mapema, kabla hawajauza baiskeli kwa ajili ya nauli ya kwenda kushonwa upya.